Sindano ya Surua na Mlango Uliogoma

Pale kwenye kituo cha afya walimwita Sista Chapchap, na jina lilimkaa. Mtoto hajamaliza kukunja uso, sindano imeshaingia na kutoka, na mama keshaambiwa, "Haya, mwenzako aingie." Foleni yake ilikwenda kama maji, na alijivunia hilo.

Asubuhi moja aliingia mama kijana na mtoto wa miezi tisa. Alikubali mtoto apimwe uzito, lakini sista alipogeukia chanjo ya surua, mama akamkumbatia mwanawe kwa nguvu.

"Hiyo hapana, sista. Nimekuja kupima tu."

"Kupima tu? Kwani huyu gunia la mchele?"

Sista alidhani atacheka. Mama alipaza sauti. "Nimesema hapana! Mlimchoma mkubwa wake, nikaona nilichokiona!"

Nje, kwenye mabenchi, mazungumzo yalikatika. Kichwa kimoja kiligeuka, kisha kingine. Maneno hayo yakienea, foleni yote itayeyuka. Sista akaurukia mlango, akaubamiza. Kitasa kikalia kakara, na kishikio kikabaki mkononi mwake.

Alivuta, akasukuma, akapiga teke. Mlango haukutikisika.

"Fungua," mama alisema.

"Kitasa kimeharibika."

"Fungua, sista! Umenifungia humu umchome mwanangu kwa nguvu!"

"Haki ya Mungu, dada, si kusudi."

Mama alikuwa amekwisha kurudi nyuma, akajibana pembeni kati ya mizani na ukuta. Dirisha lilikuwa na nondo. Mtoto akaangua kilio. Mfanya usafi akasema kwa nje kwamba fundi yuko kwenye kazi nyingine, anatafutwa, wavumilie. Mtu kwenye foleni akadakia, "Leo hata Chapchap kapatikana!" Watu wakacheka.

Ndani hakuna aliyecheka. Joto lilipanda, jasho likamtiririka sista mgongoni. Alikuwa na hotuba yake ya siku zote kuhusu surua, tena aliijua kama jina lake. Alifungua mdomo, akamwona yule mama anavyomtazama, akaufunga. Mlango ukiwa hivi, neno lolote atakalosema, hata liwe tamu vipi, litakuwa neno la askari jela. Na kuufunga aliufunga mwenyewe, ili watu wasisikie.

Akairudisha chanjo kwenye kasha la barafu, akabana mfuniko, akalisukuma kwa mguu mpaka ukuta wa mbali. Kiti kilikuwa kimoja. Akamsogezea mama, yeye akakaa sakafuni.

"Simgusi mtoto wako humu. Mlango ukifunguka, ukitaka kwenda, nenda."

Mama alikawia kukaa, kisha akakaa, akampa mtoto titi.

Sista akauliza, "Mkubwa wake alipatwa na nini?"

"Degedege." Mama aliongea akitazama sakafu. "Wiki moja baada ya sindano. Macho yaligeuka yakawa meupe. Nikakimbia naye mpaka hapa, na sista aliyekuwepo akaniambia, 'Homa tu hiyo, usijidai daktari.'"

Homa tu hiyo. Neno lile lile lilikuwa limeshafika kwenye ncha ya ulimi wa Chapchap. Akalimeza, likashuka kama jiwe.

"Ulidhani anakufa," alisema.

"Nilijua amekufa." Mama akafuta uso. "Siku hizi ni mzima, anacheza. Ila mama mkwe kasema mjukuu mwingine hachomwi. Mume wangu yuko upande wa mama yake. Nikimchoma, nyumbani hapakaliki. Nisipomchoma, mtoto wa jirani majuzi kalazwa kwa surua, mimi silali. Nigeukie wapi?"

Safari hii sista aliomba ruhusa kwanza. "Ninalolijua, nikuambie? Ukikataa, nanyamaza."

"Sema. Kwani nitakimbilia wapi?"

Walitazamana, na mama akaguna kicheko kidogo.

Sista akamwambia kwamba hakukosea: chanjo hii huweza kuleta homa, tena baada ya wiki hivi, na kwa watoto wachache homa huleta degedege. Linatisha, lakini kwa kawaida hupita bila kuacha madhara. Surua yenyewe huleta homa kali zaidi, na huweza kuua. Hakuongeza chumvi.

"Na huyu naye akipata?"

"Siwezi kukuapia kwamba hatapata. Naweza kukuonyesha cha kufanya, na nikipigiwa simu nitapokea."

Fundi alifika, akaung'oa mlango. Mama alibeba mtoto akaondoka bila kuaga. Msimamizi akaja juu. "Mmekaa humo asubuhi nzima, na hukumchoma?" Sista aliinamisha kichwa. Kisha akamwita anayefuata.

Siku kadhaa baadaye, mama alirudi. Mbele yake alitangulia mama mkwe, amekunja uso kama amekuja kesini. "Wewe ndiye uliyemwambia mkwe wangu kwamba degedege lile lilikuwa la kweli?"

"Ndiyo, mama."

"Miaka yote tunaonekana waongo." Akakaa. Aliuliza, akauliza tena, na foleni ikasimama ikinung'unika. Mwishowe akamgeukia mkwewe. "Mama yake ni wewe." Mama kijana akatoa paja la mtoto. Sista akachoma, akawaonyesha cha kufanya homa ikija.

Kuanzia hapo aliyefungwa alikuwa sista. Simu ikilia, anairukia. Akiwa jikoni, akiwa sokoni, anaona macho meupe ya mtoto. Alikuwa ameahidi kupokea, basi hata usiku simu aliilaza karibu na mto.

Wiki ilipotimia, jioni, simu ikalia. "Anachemka," mama alisema. Sista akamkumbusha kipimo cha dawa, nguo nyepesi, anyonye mara kwa mara. Akilegea au akishtuka, wasingoje, wamlete. Chakula cha jioni kilipoa mbele yake.

Asubuhi aliyepiga ni bibi mtu. "Homa imeshuka. Anatambaa, keshamwaga maji yangu yote."

Sista akaegemea ukuta.

"Halafu," bibi akaendelea, "jirani yangu naye ana maswali. Mkali huyo, nakuonya. Nije naye lini?"