Wageni wa Bi Upawa

Jina lake halisi lilijulikana ofisini tu. Wengine wote pale shuleni, kuanzia vidato vya chini hadi mkuu wa shule, walimwita Bi Upawa, kwa sababu ya ule upawa mrefu aliougonga mezani kila bwalo lilipochafuka kwa kelele. Alikuwa amewapikia watoto wa watu kwa miaka kumi na tisa, na katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumuuliza jambo zaidi ya, "Imeiva?"

Kwa hiyo mwalimu wa biolojia alipoingia jikoni na kumwambia, "Mama, wiki ijayo tunaenda kambi ya mazingira kule hifadhini, siku tatu, na wewe umo," Bi Upawa alifuta mikono kwenye aproni akauliza yaliyomhusu.

"Watoto wangapi?"

"Ishirini na sita."

"Jiko la kuni au gesi?"

"Gesi."

"Basi twende."

Habari za wanyama hakuuliza. Wanyama aliwajua kwa picha za kalenda, na aliona zinamtosha.

Mwalimu huyo wanafunzi walimwita Darubini, maana tangu safari ipangwe darubini haikumtoka shingoni, hata akiwa darasani. Alikuwa mtu mwema, ila kila kitu kwake kilikwenda kwa fomu. Kila mwanafunzi alipewa karatasi yenye majina ya wanyama ishirini, na mbele ya kila jina kisanduku. Ukimwona mnyama, unatia tiki. Asiyefikisha kumi na tano, alisema, ajue alikuja kulala.

Kambi yenyewe haikuwa na makuu. Palikuwa na jengo moja la mawe, nusu jiko nusu bwalo, lenye madirisha ya wavu wa chuma. Mahema yaliyopangwa mstari mbele yake. Choo cha matofali hatua kama thelathini kwa nyuma. Na tangi la maji lililokuwa likivuja tone kwa tone hadi likajitengenezea kidimbwi. Askari wa hifadhi aliyewapokea alikuwa mwanamume mrefu, mchache wa maneno. Aliwakusanya akawapa sheria moja tu.

"Mkiona mnyama mkubwa hapa kambini, hakuna kelele, hakuna mbio. Mnaingia ndani, mnafunga mlango, mnamwacha. Hapa mwenyeji ni yeye."

Asubuhi ya kwanza, baada ya chai na mkate, wanafunzi walijazana kwenye basi pamoja na Darubini na askari, wakaondoka wakiimba. Waliimba kwa nguvu zote, na dereva naye akawa anawaitikia kwa honi. Bi Upawa aliwapungia mkono, sauti zao zikapotea vichakani, akabaki na sufuria zake.

Alikuwa ameloweka maharage ya chakula cha jioni kwenye beseni kubwa, akaliweka kivulini kando ya tangi. Akaingia ndani kukata vitunguu. Alipofika kitunguu cha nne alisikia pumzi nje, pumzi nzito, kama mtu anayefyonza hewa kwa bomba.

"Nani hapo?"

Alisogea dirishani, macho yamejaa machozi ya vitunguu, akaona ukuta wa kijivu ambao asubuhi haukuwepo. Mara ukuta ule ukapiga sikio.

Alishika wavu wa dirisha kwa mikono miwili. Lakini alikuwa mtu aliyelelewa kwa adabu, na mkubwa ni mkubwa, kwa hiyo neno lililomtoka ni, "Shikamoo."

Tembo hakuitikia. Alizamisha mkonga kwenye beseni, akafyonza, akamimina kinywani, akarudia tena na tena mpaka maji yakakauka kabisa. Maharage hakugusa hata punje. Kisha akageuka akaenda zake bila kishindo chochote, kama jirani aliyepita kuomba chumvi. Bi Upawa alibaki ameng'ang'ania wavu wa dirisha. Hofu ilipompungua ndipo mshangao ulipomjia: mwili wote ule, na hakuvunja hata kijiti.

Jioni basi lilirudi na watoto walionuna. Siku nzima walikuwa wameona swala saba, wote kwa mgongo wakitimua mbio, na mbuni mmoja aliyegeuka kuwa kichaka walipomkaribia.

"Mimi nimepata mgeni," Bi Upawa akasema huku akipakua. "Tembo. Amekunywa maji ya maharage yote."

Bwalo zima likaangua kicheko. Darubini alicheka hadi akashika mbavu. "Pole, mama. Jua la leo lilikuwa kali. Kesho vaa kofia."

Bi Upawa alicheka nao, afanyeje, kisha akawapa mgongo akaanza kusugua sufuria iliyokwisha takata. Jambo lile lilimchoma. Kuchekwa kwa sababu ya wali ulioshika chini alishazoea, lakini hakuwahi kuonekana mwongo mbele ya watoto.

Siku ya pili aliihamishia meza yake ya kazi dirishani, akafunga mlango, akakata kabichi taratibu. Saa nne walikuja ngiri, mama na watoto wanne, mikia imesimama wima kama nyaya za redio, wakapiga magoti kula nyasi fupi karibu na mahema. Saa sita alikuja twiga. Alinusa shati lililoanikwa kwenye kamba, akaonekana hakulipenda, akaenda zake. Tembo alirudi saa nane. Bi Upawa aliokota kipande cha chaki, akawachora wote nyuma ya mlango wa stoo. Jioni, watoto waliporudi na tiki mbili mpya, hakusema neno.

Ila kiranja wa darasa, binti mmoja mwenye macho yasiyopitwa na kitu, aliingia stoo kuchukua sukari.

"Bi, nani amechora twiga?"

"Ni hesabu zangu za viazi."

"Viazi vyenye shingo?" Binti akausukuma mlango ukajifunga. "Bi, wewe hujawahi kutudanganya. Hata nyama ikiisha unasema imeisha. Niambie."

Akamwambia. Na kulipopambazuka, kabla chai haijachemka, kiranja alikuwa ameshamvuta askari hadi kwenye tangi, na Darubini nyuma yao akifunga vifungo vya shati. Askari akachuchumaa, akaweka viganja vyake vyote viwili ndani ya alama moja ya mguu, na bado pakabaki nafasi.

"Tembo jike. Amekuja juzi na jana. Hawa hapa ngiri. Huyu twiga." Akainuka. "Huu ni ukame, mwalimu. Maji ya upande huu wote ni haya yanayovuja. Na nyinyi mnakwenda huko na basi na nyimbo, mnawafukuza, wanakuja huku kwenye utulivu."

"Sasa mbona hukutuambia?"

"Nilisema siku ya kwanza, tubaki kambini. Wimbo ulinizidi."

Darubini akainama, naye akaweka kiganja ndani ya ile alama ya mguu. Kisha akamgeukia Bi Upawa, aliyekuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. "Mama, leo tukae hapa kwako. Ukituruhusu."

"Kaeni," akasema. "Ila atakayekaa kwangu anamenya viazi."

Basi wakaketi bwaloni, watoto ishirini na sita, askari mlangoni, kila mmoja na kisu na beseni. Saa nzima hakuna kilichotokea, kwa sababu kila dakika kulikuwa na anayechekacheka au kupiga chafya. Bi Upawa alipita katikati yao, akimgusa huyu begani na kumwondolea yule kijiko alichokuwa akichezea. Kidogokidogo wakatulia. Ikasikika sauti ya maganda tu, na tone la tangi.

Ngiri walitangulia. Mtoto mmoja alitaka kupiga kelele, mwenzake akamziba mdomo. Darubini yeye hakuwaona. Chai ya asubuhi ilikuwa imemzidi, akaruhusiwa na askari kutoka kwenda chooni, na alikuwa huko wakati tembo alipokuja, safari hii na mtoto wake.

Mama alikunywa kidimbwini. Mtoto, ambaye mkonga ulikuwa bado unamshinda, aliukanyaga, akajikwaa, akajimwagia maji masikioni. Kiranja alikuwa analia na kutabasamu kwa pamoja, kiazi kimemganda mkononi. Halafu mama tembo akaenda nyuma, akaegemea ukuta wa choo, akaanza kujikuna.

Alijikuna kwa nusu saa. Askari aliinua kiganja: tulieni. Wakatulia.

Hatimaye tembo na mtoto wake walipoingia vichakani, mlango wa choo ulifunguka polepole, akatoka Darubini, vumbi la matofali kichwani, darubini ikining'inia.

"Umemwona, mwalimu?" watoto wakauliza.

"Nilimwona jicho," akasema kwa sauti ndogo. "Kwenye tundu la hewa. Ana kope ndefu. Miaka kumi na mbili nafundisha tembo, sikujua ana kope." Akakaa kwenye benchi, akapewa maji, akanywa. Kisha akatoa kalamu, akasogea karibu na meza ya jikoni. "Bi Upawa, nisamehe kwa yale ya juzi. Sasa niambie tangu mwanzo. Alikuja saa ngapi? Akitokea upande gani?"

Akamweleza, na mwalimu akaandika. Alipofika kwenye maharage mwalimu aliinua kichwa. "Hakuyagusa kabisa?"

"Hata punje. Andika hivyo hivyo."

Chakula cha mchana kilichelewa siku hiyo, na viazi vingine vilimenywa hadi vikawa kama karanga, lakini hakuna aliyelalamika. Watoto walikula wakiwa wamejipanga dirishani, na kila mara mmoja alikuja kumuuliza Bi Upawa swali. Twiga analala vipi? Kwa nini ngiri hupiga magoti? Mengine alijibu alivyoona, mengine alisema hajui, wamuulize askari.

Mwaka uliofuata mkuu wa shule alimwita ofisini kumwambia kwamba kambi imepangwa tena na ajiandae kwenda kupika.

"Nitakwenda," Bi Upawa akasema, "ila tafuteni mpishi mwingine. Mimi kule nitakuwa na kazi."