Nani Yule Jukwaani?

Ludivine Cormier alikuwa ameandika riwaya tatu na tamthilia mbili, amepigiwa makofi katika miji ya Moncton na Montréal, na bado Jumapili ile mchana alisimama nyuma ya pazia la ukumbi wa parokia, kijijini kwao Cap-des-Ormes, akiogopa hata kuchungulia. Kosa lilikuwa lake. Katika tamthilia mpya alikuwa amemweka shangazi yake Azélie, aliyemlea, bila kumwomba ruhusa.

Kijiji kizima kilijua kwamba mchumba wa Azélie alikwenda kukata miti Maine, ng'ambo ya mpaka, akafia huko. Ludivine peke yake ndiye aliyeambiwa, siku moja wakimenya viazi, kwamba hakufa. Alioa. Azélie aliificha aibu hiyo maisha yake yote, akavaa nguo nyeusi kama mjane halali. Mwandishi gani angeiacha hadithi kama hiyo ilale? Ludivine hakuiacha. Alibadilisha jina, akamnenepesha mwanamke wake, akamtia na mguu wa kuchechemea, kisha akajiona mjanja.

Sasa alichungulia. Azélie alikuwa safu ya mbele, kofia ya kanisani kichwani, mgongo umenyooka.

"Unaogopa nini wewe?" alinong'ona Rosella, mwigizaji mkuu. "Anayepanda jukwaani ni mimi."

"Shangazi akijitambua, Rosella, sina tena kwetu."

"Kwa mito yote hii uliyonifunga tumboni? Hajitambui ng'o!"

Lakini ilikuwa wiki ya katikati ya Kwaresima, wiki ya vinyago. Tangu Jumatano watu walikuwa wakiingia majumbani kwa wenzao, soksi usoni, bila kusema neno, na wenyeji wakibahatisha mpaka wapatie. Aliyetambuliwa sharti afunue uso. Moncton watazamaji hukaa kimya. Hawa walikuwa bado na moto wa mchezo. Rosella alipotokea tu akichechemea, Mzee Alyre akapaza sauti kutoka nyuma.

"Nani huyo? Msituambie, tunabahatisha!"

"Philomène!"

"Wapi! Philomène ana mguu gani mbovu? Huyo Exelda! Tazameni anavyouburuta!"

Ludivine alilishika pazia. Exelda, jirani yao aliyekuwa pale ukumbini, aliumia goti katika kiwanda cha kambakoche, na mumewe Télesphore alikuwa Maine akifanya kazi. Kwa papara ya kumficha shangazi, Ludivine alikuwa amemvika mguu wa mtu mwingine.

Jukwaani Rosella akafikia maneno yale: "Hakufa. Ameoa." Ukumbi ukalipuka.

"Loo! Kumbe Télesphore kaoa huko!"

"Exelda, mama, na sisi ulitufichia nini? Umepatikana, funua uso!"

"Si mimi!" Midomo ilikuwa ikimcheza Exelda. "Mume wangu anarudi Pasaka."

Wakazidi kucheka, maana kila kinyago hukana hivyo hivyo.

Ludivine alijua la kufanya. Atoke, aseme si Exelda. Lakini wangeuliza ni nani basi, na watu hawa hawaachi kubahatisha katikati. Alibaki ameng'ang'ania pazia, akijionea haya kwa kuwa hatoki.

Azélie akainuka. Akavua kofia.

"Mwacheni Exelda. Ni mimi."

"Acha utani, Azélie," alisema Mzee Alyre. "Wako alikufa."

"Ana wajukuu. Misa zote mlizomwombea zimepotea bure." Akageukia pazia. "Ludivine! Toka huko."

Alitoka, macho chini. "Shangazi, nilijaribu kukuficha."

"Kwa mguu wa mwenzangu? Mwombe radhi yeye kwanza."

Ludivine alimwomba Exelda radhi mbele ya wote. Exelda aliitikia kwa kichwa tu, akifuta machozi.

"Na wewe, Shangazi? Utanisamehe?"

Azélie aliketi, akamtazama Rosella aliyeganda pale jukwaani.

"Endelea, mwanangu. Aibu yangu wameshaisikia. Nataka kuona huyu anaishije baada ya hapo, maana mimi mpaka leo sijajua."

Rosella alimgeukia Ludivine, macho yamemtoka. Wote wawili waliujua mwisho wa tamthilia. Katika sehemu iliyofuata, Ludivine alikuwa amemtupa yule mwanamke mtoni, chini ya barafu, kwa sababu mwisho wa namna hiyo hupigiwa makofi.