Vikombe vya Pesa za Ng'ambo

Bei ya chai ya Bibi ilikuwa imeandikwa ukutani kwa rangi nyekundu, namba moja tu. Ukilipa kwa pesa za hapa, ni hiyo. Ukilipa kwa pesa za ng'ambo ya daraja, ambako ni nchi nyingine, ni hiyo hiyo. Kilichobadilika ni kikombe.

Mwenye pesa za hapa alipewa kikombe cha buluu, siku zote. Mwenye pesa za kule alipewa kikombe cha siku hiyo. Pesa zao zikiwa nusu ya zetu, kikombe nusu. Zikipanda, kikombe nacho kinapanda. Na reti ya kubadilisha pesa ikiangukia katikati ya vikombe viwili, Bibi alichukua kikubwa. "Simpunji mtu," alisema.

Kwa hiyo rafu yake ilikuwa na vikombe vya bati vya kila kimo, vimejipanga kama watoto wa nyumba moja wanaopigwa picha. Mjukuu wake, aliyekua akiviosha, alijua kila kimoja kilitoka wapi. Kile kikubwa kama kopo la kuogea ni cha miaka ile pesa zao zilipokuwa nzito, watu wa huku wakivuka kwenda kutafuta vibarua kule. Chenye mpini wa waya ni cha mwaka ule mpaka wa darajani ulipofungwa ukafunguliwa tena. Na kile kidogo, ambacho wateja walikiita dawa ya kikohozi, ni cha mwaka benki yao ilipokata sifuri kwenye noti, na bado pesa ikazidi kuporomoka.

Basi ni katika mwaka huo wa dawa ya kikohozi fundi wa malori kutoka kule, kijana waliyemwita Spana, alipokuja kuposa. Alikuja na shati lililonyooshwa vizuri na kucha zenye grisi isiyokubali sabuni. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akakijaza kile kikombe kidogo, akamwekea mbele.

"Siku pesa yako itakapojaza kikombe sawa na cha mjukuu wangu," alisema, "njoo umchukue."

Wateja walicheka hadi chai ikawapalia. Spana naye alicheka, angefanyaje? Akainywa kwa funda moja. "Asante, Bibi. Nitangoja."

Mjukuu peke yake hakucheka. Alimjua bibi yake. Bibi hakuwa na neno baya na kijana yule. Aliogopa tu kubaki peke yake na lile jiko. Na jambo akishalitamka mbele ya wateja, halirudi mdomoni. Angeweza kuvuka daraja na Spana bila kuaga, ni mwendo mfupi tu kwa miguu. Lakini hakutaka kuolewa huku Bibi amempa mgongo. Akangoja naye.

Kila asubuhi reti ililetwa na mbadilisha fedha wa pale barabarani. Walimwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kumzimia. "Zimepanda jamani, zimepanda!" Bibi alikuwa na redio ya kweli chumbani, na habari alikwisha kuzisikia alfajiri, ila alijifanya kushtuka ili asimharibie raha.

Pesa za kule zikaanza kupata nguvu. Walivuna vizuri, wakauza nje, wakavuna tena. Kila Bibi alipobadilisha kikombe, wateja walimrukia Spana.

"Naona umenenepa, bwana!"

"Bado shingo!"

"Kunywa taratibu, shemeji, utakunywa na harusi!"

Mjukuu aliangalia vikombe vilivyobaki kabla ya kile cha buluu, akaendelea kusugua. Mwishowe pesa za kule zikafikia kikombe chenye mpini wa waya. Juu yake kilibaki cheupe kimoja tu, kifupi kuliko cha buluu kwa upana wa kidole.

Asubuhi moja Redio alifika akihema.

"Zimepanda! Ila hazijalingana, zimebakiza kidogo tu. Na zitakaa hapo hapo! Benki za nchi zote mbili zimekubaliana, hazipandi tena wala hazishuki."

Watu walimgeukia Spana, aliyekuwa amekaa kwenye benchi na sarafu zake mkononi. Mjukuu aliweka chini kikombe alichokuwa akikiosha. Kidogo tu, na milele. Kipimo cha kikombe cheupe kabisa.

Bibi alinyoosha mkono kwenye rafu. Palipokuwa na kikombe cheupe palikuwa na pengo.

"Cheupe kiko wapi?" aliuliza Redio.

"Kimetoboka."

"Kimetobokaje, Bibi?" mjukuu alisema. "Jana nimekiosha mimi!"

"Kutu."

Mjukuu akatazama dirishani. Kikombe cheupe kilikuwa pale, kimejaa udongo, na mche wa ua umechomekwa katikati. Ubavuni, karibu na kitako, kuna matundu ya msumari, ya mviringo, yanang'aa, hayana kutu hata ya dawa. Alikumbuka alfajiri alisikia nyundo, akadhani Bibi anagonga mguu wa benchi. Nyundo yenyewe ilikuwa bado kwenye meza, karibu na sukari.

"Sasa reti imeangukia katikati ya cha waya na cha buluu," Bibi alisema, bila kumtazama mtu. "Na mimi simpunji mtu."

Akachukua vikombe viwili vya buluu, akavijaza mpaka ukingoni, akaviweka mbele ya Spana na mjukuu wake. Kelele zilizopigwa pale ziliwatoa nje mafundi wote wa gereji ya jirani.

"Chumba mmepata?" aliuliza Bibi.

"Hapo tu ng'ambo ya daraja, Bibi," alisema Spana. "Na kila asubuhi mjukuu wako atakuwa hapa kabla maji hayajachemka. Ni yeye aliyesema."

"Alisema lini?"

"Mwaka wa dawa ya kikohozi," alijibu mjukuu, akicheka na kulia kwa pamoja.

"Haya, kunywa, mume wangu," Bibi akamwambia Spana. "Mke mwenzangu huyu ana kelele, nakuonya mapema."

Redio alikuwa akikuna kichwa. "Lakini Bibi, kama cheupe hakipo, kila mtu wa kule atapewa cha buluu. Si utapata hasara?"

"Yako hiyo hasara?"

Haikuwa yake. Alitoka mbio kuelekea darajani, akitangaza kwa sauti yote aliyojaliwa, na kabla ya adhuhuri birika lilikuwa tupu, sukari imekwisha, na foleni bado inavuka.