Maelezo ya Nyati

Askari wa hifadhi alikuwa amekaa kwenye ngazi ya kituo akipiga buti zake kiwi, wakati nyati alipofika getini na kusubiri kufunguliwa. Alikuwa dume mzee, pembe moja imevunjika ncha, matope yamemkaukia hadi tumboni. Mlinzi wa geti alimuuliza shida yake.

"Nimekuja kutoa maelezo," nyati alisema. "Kuhusu yule kijana wa bwawani. Nasikia nimemuua mimi."

Mlinzi alimwonyesha ofisi na kumwomba apanguse kwato, kwani sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki.

Kijana wa bwawani alikuwa mdogo wake yule askari, askari vilevile, kitinda mimba wa mama yao. Taarifa ya mkuu wa hifadhi ilisema alikuwa akiwaongoza majangili kwenye tembo, nyati akamvamia. Kwa hiyo alizikwa bila sare, na jina lake halikuandikwa kwenye ukuta wa geti kuu pamoja na majina ya askari waliofia kazini. Mama yao aliacha kwenda sokoni, maana wauza nyanya walikuwa wakinyamaza akifika. Kila akipiga simu aliuliza jambo moja: jina litaandikwa lini.

Yule askari, dada mtu, alikuwa ameliona shati la marehemu. Tundu lilikuwa mgongoni, dogo, na halikuwa la pembe. Bwawani aliokota ganda la risasi, na kwenye tope aliona alama za matairi mapana ya gari ambalo hifadhi nzima lipo moja tu, la mkuu. Alimpelekea mkuu lile ganda. Mkuu alilitia kwenye droo, akamwambia, "Pole sana, binti yangu. Chukua likizo."

Ofisini alikuwepo karani, mama mtu mzima ambaye kituo kizima kilimwita Shangazi. Alimtazama nyati juu ya miwani.

"Kitambulisho?"

"Sina."

"Kazi?"

"Kula majani."

"Afadhali wewe unakiri," Shangazi alisema, akaandika.

Nyati alieleza kwamba wenzake hawataki kunywa naye. Wanasema ameua mtu, na sasa watawindwa wote kwa ajili yake. Askari, aliyekuwa amemfuata ndani, alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa chake.

"Uliona nini?"

"Niliona gari limebeba pembe za tembo. Mdogo wako alilisimamisha. Akasema, 'Shikamoo afande. Mzigo huu unakwenda wapi?' Akaambiwa apande, wataongea njiani. Alipoinama kuchukua begi lake, ndipo."

"Alikufa palepale?"

"Hapana. Aliomba maji. Bwawa lilikuwa pale pale, dada, lakini mimi sina mikono."

Askari aliitikia kwa kichwa. Alikuwa amejiuliza sana kuhusu hilo.

Mkuu wa hifadhi aliingia na kikombe chake cha chai. Aliomba asomewe maelezo, akasikiliza bila kukatiza. Shangazi alipomaliza, nyati aliinua ile pembe iliyovunjika na kuielekeza kwenye kifua cha mkuu.

"Mwenyewe ndiye huyu," alisema.

Dereva wa mkuu, aliyekuwa mlangoni, alitazama pangaboi likizunguka darini. Shangazi alipanga kalamu zake upya. Mkuu alikoroga chai.

"Hifadhi hii ipo kwa ajili ya wanyama," alisema. "Sitaki mnyama asingiziwe. Shangazi, andika nyati hahusiki."

"Na aliyemuua kijana, afande?" Shangazi aliuliza.

"Hajulikani. Na ile taarifa ya ujangili wake ibaki kama ilivyo."

Nyati aligonga ukwato kwenye karatasi mahali pa sahihi. Alipewa nakala, akaibeba kwa meno hadi nje, kisha akaiweka chini kwenye ngazi ili aweze kuongea.

"Dada, kwangu mimi yamekwisha," alisema. "Nisamehe."

"Nenda kanywe maji," askari alimwambia. Alimwokotea karatasi yake na kumrudishia mdomoni.

Kabla ya gwaride la mchana alimpigia mama yake.

"Wamesemaje?"

"Nyati hana hatia, mama. Wamemwandikia kabisa."

"Afadhali," mama alisema, kwa moyo mweupe. "Kusingiziwa kunauma, hata kwa mnyama. Na mwanangu?"

Filimbi ikapulizwa. Askari alisema atapiga tena, akaingia mstarini. Mkuu alikuwa akipita taratibu, akikagua sare za askari mmoja mmoja. Alipofika mbele yake, askari alimpigia saluti, na mkuu akaipokea. Kisha alinyoosha mkono, akamrekebisha kola iliyokunjika shingoni.

"Pole na msiba," alimwambia, akasogea kwa askari wa pili.