Mkwe Alipokatiza Uwanja

Mimi nilikuwa sentafowadi wa timu ya kampuni ya miwati, ile miti ya magome ya kutengenezea ngozi, pale Njombe, na wanaonikumbuka watakwambia. Shule niliishia darasa la pili, kwetu Kichiwa, lakini mpira hauulizi darasa. Tulicheza peku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi, na bado nikipiga shuti golikipa anageuka tu kuutafuta mpira nyuma yake. Bwana Mkubwa wa mashamba, Mzungu mmoja mrefu, alinitoa kwenye kumenya magome ya miwati akaniweka stoo, miguu isichoke. Nikifunga ananipiga bega: "Hezekia, wewe simba!"

Kisha beki mmoja wa Makambako akanivunja goti. Masika yote nilikaa ndani. Huyo aliyeniita simba hakuja hata mlangoni. Aliyenikanda kwa maji ya moto ni mke wangu Tabea, asubuhi na jioni, huku ananitania: "Simba gani huyu anayelia akiguswa?"

Niliporudi kazini nikiwa nachechemea, nikaambiwa sasa mimi ndiye meneja wa timu. Watu wakanipongeza. Umeneja wenyewe ulikuwa kuwabembeleza manyapara wawaachie wachezaji, kujaza mpira upepo, kufua jezi, na kutukanwa tukifungwa. Tukishinda, Bwana ndiye aliyeshinda.

Mwaka uliofuata tukafika fainali, tucheze na Makambako kwao. Wiki hiyohiyo Tabea akashikwa na kichomi. Akivuta pumzi unasikia kama mtu anapasua kitambaa. Mganga wa zahanati akasema dawa yake hana, apelekwe hospitali ya misheni, mbele ya Makambako. Nikamwendea Bwana. Karani wake, Kasimiri, akatafsiri.

"Bwana amekubali," Kasimiri akasema. "Lori la timu litampakia. Likishusha wachezaji Makambako, litaendelea naye mpaka hospitali. Shukuru."

Nikashukuru kwa mikono miwili. Bado najiona.

Mtu wa kumuuguza njiani alikuwa mama yake, na kwetu Ubena mtu hachangamani na mama mkwe. Humsogelei, humtazami usoni, akija njia hii wewe unashika ile. Ndiyo heshima, hata Walutheri tumeishika. Miaka yote ya ndoa yangu sauti yake niliisikia nyuma ya ukuta tu. Kupanda naye lori moja, magoti yanagusana? Haiwezekani. Basi nikatangulia Ijumaa na gari la mfanyabiashara, kuwatafutia vijana chakula na mahali pa kuvalia. Kumwangalia mgonjwa nikawaachia wenye lori.

Jumamosi mchana lori likafika. Nilisimama mbali, kama inavyotakiwa. Nikamwona Tabea amefunikwa blanketi, kichwa mapajani mwa mama yake. Yoeli, kijana aliyechukua namba yangu ya sentafowadi, aliruka chini akaja mbio.

"Mzee, shemeji anakusalimu. Kasema leo usimlilie refa."

Nikacheka. Lori likaondoka, likapotelea nyuma ya maduka. Nikasema moyoni, haya, anakwenda kupona.

Mpira ukaanza. Ng'ambo ya uwanja wageni wa bomani walikaa kwenye viti juu ya lori, waone vizuri, na Bwana katikati yao na kombe mapajani. Malori ya kampuni yote yalikuwa ya rangi moja. Sikuwa na sababu ya kulitazama.

Kipindi cha pili, bila kwa bila, nikaona watu wananyoosha vidole. Mwanamke alikuwa anakatiza uwanja. Mpira unachezwa, yeye yuko katikati, anatembea tu, kaniki yake imelowa tope chini. Refa akapuliza filimbi, hakugeuka. Alikuwa mama mkwe wangu, na alikuwa anakuja kwangu.

Nikafanya ambacho Mbena yeyote angefanya. Nikageuza uso nikaondoka. Akanifuata. Nikazunguka nyuma ya goli, naye akazunguka. Makambako nzima ikacheka.

"Meneja anakimbia! Goti limepona!"

"Mpeni jezi huyo!"

"Hezekia!" akaita. Hajawahi kunitaja jina. "Hezekia, simama! Unakimbia nini? Mwenzio anakufa!"

Nikasimama. Kwa mara ya kwanza nikamtazama usoni. Ana macho ya Tabea.

"Walitushusha barazani dukani," akasema. "Wakasema lori linakwenda kuchukua viti, litarudi sasa hivi. Mwanangu yuko kwenye saruji tangu mchana. Sasa hata maji hayamezi. Lori si lile pale wamelikalia?"

Nilichechemea mpaka kwenye lori. Kasimiri akateremka kunizuia.

"Mwambie Bwana washuke, mke wangu apelekwe."

Wakasemezana Kizungu. Bwana hakuondoa macho uwanjani.

"Anasema mchezo uishe kwanza. Usimtie aibu mbele ya wageni."

"Mwambie anakufa!"

"Nimemwambia. Anasema wewe ni meneja, rudi kwenye kazi yako."

Nikarudi kwenye kazi yangu. Niliingia katikati ya uwanja nikauokota mpira.

"Yoeli! Ita wenzio. Timu yangu inatoka."

"Tunakwenda wapi, mzee?"

"Tunambeba shemeji yako."

Hakuna aliyeuliza la pili. Wakang'oa mti wa juu wa goli letu, wakaukimbiza dukani, wakafunga blanketi, ikawa machela. Nyuma yetu Kasimiri anapiga kelele kwamba kila atakayetoka hana kazi. Vijana wale, jezi zimewaganda mgongoni, walipokezana mti bila kusimama. Mimi na goti langu nilishika upande mmoja, mama mkwe upande mwingine, mgonjwa asibingirike.

Hatukufika. Kabla ya kuvuka mto ulio njiani, Tabea alifumbua macho, akatuona mimi na mama yake tumeinama juu yake, vichwa vinakaribia kugusana. Akatabasamu kidogo, kama anayetaka kututania. Pumzi haikurudi. Mama yake akafungua kitambaa chake cha kichwa ili amfunge kidevu.

"Shika kichwa, mwanangu," akaniambia.

Nikashika.

Kombe Bwana aliwakabidhi Makambako jioni ileile, nasikia kwa makofi. Jumatatu sote tulifukuzwa kazi, na Kasimiri akatangaza kwamba Hezekia aliharibu mchezo kwa ulevi. Mimi, ambaye hata pombe ya ulanzi naionea kwa jirani! Wale waliokalia lori hakuna aliyeulizwa neno. Bwana alipandishwa cheo kabla hajarudi kwao.

Sasa niko Kichiwa, nalima ngano na viazi. Mama mkwe anakaa kwangu, hana mwingine. Tunakula sahani moja. Wapo wazee wa kanisa waliokuja kunionya kwamba ni aibu, kwamba nimeidharau mila. Siku ile yeye mwenyewe ndiye aliyetoka jikoni na mwiko mkononi.

"Mnamfuata huyu?" akawauliza. "Yeye alisimama nilipomwita. Nendeni kwa wale wa lori."