Kisu cha Mkono wa Kike

"Nataka kisu cha kukunja, cha mkono wa kike," Nyanjige alisema. Dastan, mwenye duka la vifaa sokoni Bariadi, akainama chini ya kaunta na kuibuka na kisu kidogo cha jikoni chenye mpini wa rangi ya waridi.

"Hiki hapa, mayo," alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Cha kike kabisa."

Nyanjige alikitazama kama mtu aliyeagiza mbuzi akaletewa paka. "Nimesema mkono wa kike, baba. Wa kushoto. Sikusema kisu cha kike."

"Aa, kushoto. Kisu hakina kushoto wala kulia, mayo. Kisu ni kisu."

Hapo ndipo Dastan alipojitia matatani, maana mama huyu hakutoka kijijini Zagayu kuja kuambiwa kisu ni kisu. Alisogeza kigoda, akakaa mbele ya kaunta, akamwambia atoe vyote alivyo navyo.

Mumewe, Mabula, alipigwa na kiharusi wakati wa palizi ya pamba. Upande wote wa kulia ulilala. Mdomo baadaye ulirudi mahali pake, mguu ukaanza kujikokota, lakini mkono uligoma, ukabaki kuning'inia tu. Mtaalamu wa mazoezi kule hospitali alimweleza mwenyewe, taratibu, kwamba mkono uliobaki upewe kazi, kazi yoyote ile, na kwamba akikaa tu atazidi kudhoofu. Mabula aliitikia kwa adabu zote, akarudi nyumbani, akakaa.

Na alikaa kweli. Mkono wa kushoto kwake ulikuwa mkono wa kike, wa kushikilia kitu wakati mwenzake anafanya kazi, na hakuona ni kwa nini uzeeni aanze kuutanguliza mbele za watu. Kisu chake cha zamani nacho kilimkatisha tamaa. Kiliishi kiunoni mwake tangu walipooana. Alikatia kamba za ng'ombe, alichongea mswaki, alitolea miiba, na kwenye sherehe hakuna mtu aliyewahi kumkatia nyama. Lakini kukifungua kwa ukucha kulitaka mikono miwili. Siku moja alijaribu kukifungua kwa meno, jino likameguka, akakitupa zizini kwa hasira, ng'ombe wakakizamisha kwenye samadi. Tangu hapo mkewe ndiye aliyemkatia kila kitu. Wageni wakija, Mabula anasema ameshiba.

Nyanjige aliogopa, tena sana. Aliogopa kwamba mumewe atafia kwenye kile kiti cha plastiki, na kitakachomuua si kiharusi bali ni kukosa cha kufanya. Alikuwa amewaza wiki nzima amsaidieje, na wazo lililomjia ni hilo la kisu tu.

"Anza na hiki," Dastan alisema. Alimfunulia kifaa cha chuma kinachong'aa, kikawa koleo, halafu kikaanza kutoa viungo: bisibisi, msumeno mdogo, mkasi, kifungua soda, tupa ya kucha. "Ukiwa na hiki, mayo, fundi humhitaji tena maishani."

"Na kisu kiko wapi?"

"Kimo humo ndani. Unakunjua hivi, unageuza hivi, unavuta na ukucha."

Nyanjige alitazama kile kikunjuo na kigeuzo, kisha akafanya jambo ambalo alilipanga tangu nyumbani. Aliingiza mkono wa kulia ndani ya kitenge, akakaza fundo begani ili usitoroke, akanyoosha wa kushoto. "Nipe." Alihangaika nacho juu ya kaunta, akakibana kwa tumbo, akakibana kwa kidevu. Mkasi ulitoka bila kuitwa. Kisu hakikutoka.

"Hiki kinataka mikono mitatu," alisema, akakirudisha.

Cha pili kilikuwa cha kufyatuka. Unabonyeza tu, na ubapa unaruka nje wenyewe. Uliruka kweli, Nyanjige akashtuka nusura amwage chai ya Dastan. Kukifunga ndiyo ikawa kazi: ubapa ulitaka kusukumwa kwenye kitu kigumu, na kitu kigumu kilichokuwa karibu ni paja lake mwenyewe. Alimwaza Mabula na paja lake lisilosikia maumivu upande mmoja. Akakiweka kando.

Cha tatu alikipenda. Kilikuwa na kichuchu ubavuni mwa ubapa, unasukuma kwa dole gumba, tak, kimefunguka na kimejibana kisirudi. Alikifungua tena na tena, hadi Dastan akaanza kutafuta mfuko wa kukitia.

"Ngoja. Nikifunge."

Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Kiulimi kinachouzuia ubapa, cha kusukuma ili kisu kifungike, kilikuwa ndani ya mpini, upande unaofaa dole gumba la kulia. Kwa mkono wa kushoto ilibidi akunje kifundo kama anayenyonga kuku, na kidole kinapita mbele ya makali.

"Ona sasa," Nyanjige alisema. "Nawe ulisema kisu hakina kulia wala kushoto."

Dastan alikichukua, akajaribu mwenyewe kwa kushoto, akaondoa kidole haraka. Akacheka. "Kweli, mayo. Miaka yote nauza hivi, sikujua." Sasa ikawa kama mchezo wake pia. Alipanda kwenye ngazi, akapekua maboksi ya juu, akashuka na kisu chenye mpini wa mpira mweusi, usioteleza, na kitundu cha kupitishia kamba. Ubapa ulikuwa na tundu la dole gumba, na kitufe cha kukiachia kilikaa mgongoni mwa mpini, katikati kabisa, hakikupendelea mkono wowote.

Nyanjige alifungua, akafunga. Alikifungua kikiwa kimelala kaunta na kikiwa kwenye goti. Alikatia kamba ya katani, alichana boksi, akauliza makali yakififia yanarudishwaje. Dastan akamwambia hata kitako cha kikombe cha udongo kinatosha. Basi akakubali. Alilipa bila maneno mengi, mkono wa kulia ukiwa bado ndani ya kitenge kwa sababu alishausahau humo.

"Na pole sana kwa mkono, mayo," Dastan alimwambia akimfungia. "Ni wa siku nyingi?"

Nyanjige hakuwa na nia ya kuanika mambo ya mumewe sokoni. "Ahsante, baba," alijibu, akaondoka.

Jibu hilo lilitosha kuzua balaa. Mlangoni alikuwa amesimama Ng'washi, jirani yake wa Zagayu, aliyekuja kuuza michembe, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, na hakuna aliyemwona. Ng'washi ni mtu mwema, wala hajawahi kumtakia mtu baya. Shida yake ni simu. Alimwona mwenzake akihangaika kwa mkono mmoja, akasikia pole ikitolewa na kupokelewa, na kabla Nyanjige hajafika stendi, kijiji kizima kilikuwa kimeshaambiwa kwamba mama Monika, kama walivyomwita, naye amepooza mkono.

Nyanjige aliyajua hayo aliposhuka pale senta, karibu na mashine ya kusaga. Mama wa mashine alitoka mbio, unga hadi kwenye kope.

"Pole, mama Monika. Nyie na nyumba yenu jamani. Baba, sasa na mama?"

"Sasa na mama nini?"

"Si mkono. Ng'washi kapiga simu. Mzee naye tumeshampelekea habari, tusingeweza kumficha."

Nyanjige aliduwaa, mikono yake yote miwili ikiwa kifuani. Daktari alionya kuhusu presha. Alionya mzee asipewe habari za ghafla, asishtuliwe, na hawa walikuwa wamempelekea habari kwamba mkono pekee uliokuwa ukimlisha nao umekufa. Hakusubiri kuwaeleza. Alikaza kitenge na kuanza kukimbia, mwanamke wa umri wake, na kisu kikimgonga kifuani ndani ya blauzi. Njia nzima alikuwa akimwona Mabula ameanguka chini ya kiti.

Alipofika kwenye ua wa minyaa akachungulia.

Kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Mabula alikaa chini, kwenye gunia, mbele ya lundo la viazi vilivyochimbwa jana, vile ambavyo Nyanjige alipanga kuvikata michembe leo kabla havijaanza kuota. Alibana kiazi kwa magoti, akakimenya kwa kisu cha jikoni, kwa mkono wa kike, kazi ya kike, mchana kweupe, na wapita njia wakimwona. Alikata vipande vinene, vilivyopinda, vingine kama kabari za mlango. Suruali ilikuwa imechanika gotini. Jikoni moshi ulikuwa unatoka, maana yake alishawasha na moto.

Machozi yalimtoka Nyanjige hapo hapo. Alitaka kuingia ampigie vigelegele. Halafu likamjia wazo jingine, na ndilo lililomshika: huyu anafanya haya kwa sababu anaamini mke wake hana mkono. Akiona mikono miwili imeingia getini, ataweka kisu chini, atarudi kwenye kiti, na mimi nitaendelea kumkatia hadi tuzikane. Basi akafuta uso kwa pindo la kitenge, akaingiza mkono wa kulia ndani, akakaza fundo, akapita.

"Mwadila, baba Monika," alimsalimia.

"Mwadila." Mabula hakuinua macho, alimalizia kipande. "Nimesikia."

"Wamekwambia."

"Wameniambia, wameniambia. Kaa. Usiguse kitu."

Nyanjige aliketi kwenye kigoda. Mabula aliinuka kwa kujikokota, akaegemea ukuta, akaingia jikoni. Alikaa huko muda mrefu. Kitu kilianguka, akasikika akikitukana kwa Kisukuma. Akatoka na sahani ya bati yenye viazi viwili vya kuchemsha, vyenye majivu kidogo, akaja nayo hatua kwa hatua bila kumwaga.

"Hospitali tutakwenda kesho," alisema. "Sasa kula. Umetoka mbali."

Akamnyooshea sahani kwa mkono wa kushoto, mkono ambao katika maisha yao yote hakuwahi kumpa nao mtu kitu.

Sasa jamani, Nyanjige alilelewa. Mama yake alimfundisha kupokea kabla hajamfundisha kutembea. Mume akikupa, unapiga goti kidogo na unapokea kwa mikono miwili, wala hufikirii, kama usivyofikiria kupumua. Akapiga goti, na mikono miwili ikatoka, wa kushoto na wa kulia, ikaipokea sahani vizuri kabisa.

Ndipo wote wawili wakautazama ule wa kulia.

Mabula aliutazama kwa muda. Aliinua kidole gumba cha mkewe, akakiachia, akakiinua tena. "Umepona," alisema.

"Haukuumwa, baba Monika. Nilikuwa nauficha dukani. Nilikuwa nakuchagulia kisu, nikataka nijue wewe utakishikaje. Ng'washi akaona, akapiga simu." Alitoa kisu blauzini na kukiweka juu ya gunia. "Nilipoingia hapa nimeuficha makusudi. Niliogopa ukijua ni mzima utaacha."

Mabula alitazama viazi, akatazama goti lililochanika, akamtazama mpita njia aliyekuwa akipunguza mwendo nje ya ua. Uso ulimwiva. Nyanjige aliujua uso huo. Ndio uleule wa siku alipotupa kisu zizini, na akajua ameshaharibu kila kitu.

"Kwa hiyo mimi nimekaa hapa," Mabula alisema polepole, "nakata michembe kama bibi harusi, na wewe una mikono miwili."

"Ndiyo."

Alisukuma kisu cha jikoni kwa mguu, kikateleza hadi miguuni pa mkewe.

"Basi chukua hicho, kibutu hicho, kimenitesa tangu saa tano. Utakata wewe na mikono yako miwili." Alijishusha tena kwenye gunia, akanyoosha mkono. "Hicho kipya nipe mimi."

Dole gumba lilitafuta tundu la ubapa, likalikosa. Likalitafuta tena, mpini ukazunguka kiganjani, ukadondoka kwenye viazi. Akauokota. Nyanjige alijua pa kusukuma. Alijua kabisa, ilikuwa ni kumwonyesha mara moja tu, na mikono ilikwishaanza kwenda. Akairudisha, akaiweka chini ya mapaja, akaikalia yote miwili, akangoja.