Mnara Unaotazama Bafuni

"Hivi watu wakishapanda huko juu, watatazama nini?"

Aliyeuliza ni Zabibu, siku miti ya kwanza ya mnara wa watalii iliposhushwa ukingoni mwa Shimo la Mungu, lile korongo la Newala, nyuma kidogo tu ya nyumba ya jirani yake, Mama Faidha. Mama Faidha, mjane mcha Mungu asiyependa papara, alikuwa anapepeta mtama. Akajibu kwamba watatazama bonde la Ruvuma, na ng'ambo yake Msumbiji.

"Msumbiji ipo pale tangu tuzaliwe," Zabibu akasema. "Nani kataka kuiiba hata ikalindwe? Mie hapa katikati naona bafu lako, halina paa."

Ungo ukasimama. Mama Faidha akaitazama ile miti, akalitazama bafu: uzio wa mianzi na mabua alioujenga marehemu mumewe kwa mikono yake, wazi juu kama kisima. Humo alioga, humo alitawadha kwa kila sala. Tangu afiwe, hakuna mwanamume aliyepata kuona hata unywele wake. Sasa mtaa unamletea wageni, waje na darubini!

Mwenye kuusukuma mradi alikuwa Salmini, mwenyekiti wa mtaa, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa pia mume wa Faidha, binti wa mjane huyo. Salmini alikuwa na lake: akiahidi jambo leo, kesho atakuapia kwamba hukumsikia vizuri. Lakini adabu aliinyonya kwa mamaye. Hakupata kumwona mkwewe asimwamkie. Kuna siku walikutana naye ana muhogo wa moto mdomoni; alikubali kuungua ulimi kuliko kuichelewesha shikamoo.

Mkutano ukaitishwa. Mchora ramani wa mnara, Cuthbert, kijana mpole wa kutoka Masasi, alikuja na mfano aliouunda kwa njiti. Akaeleza kwa furaha: hakuna saruji, maana saruji hunywa maji, na Newala wenyewe wana kiu. Ni miti mitupu, imeungwa kwa vigingi vya mti, na kila mti unaokatwa unapandiwa mingine miwili.

"Huu ni mnara endelevu," akamalizia.

"Endelevu ndiyo nini, mwanangu?" Mama Faidha akauliza.

"Unaendelea, mama. Sisi, watoto wetu, hadi wajukuu."

"Unaendelea mpaka bafuni kwangu."

Watu wakacheka. Mama Faidha akausogelea mfano, akainama. Nyumba yake ilikuwepo, ndogo kama kiberiti. "Na bafu langu umeliweka wapi?"

Cuthbert akakuna kidevu. "Hapa, mama. Nilidhani ni kichaka."

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alitoka jasho akijenga kichaka!"

Salmini akaingia kati. "Shikamoo mama. Mama, bafu halionekani. Macho ya mgeni yakifika juu yanakwenda bondeni moja kwa moja."

"Marahaba. Kwani macho yana reli?"

"Basi liezeke, mama."

"Paa la nyumba uliloahidi kuliziba ulipokuja kuposa linavuja mpaka leo. Bafu litangulie?"

Zabibu hakupenda maneno yapoe. "Jukwaa la mafundi si limeshafika kimo cha mnara? Kesho mwenyekiti apande. Akiliona bafu, mchoro ubadilishwe. Asipoliona, Mama Faidha anyamaze."

Salmini alikubali upesi, upesi wa mtu anayejua kwamba atakayepanda ni yeye, na atakayesema alichokiona ni yeye pia.

"Umejimaliza," Zabibu akamnong'oneza jirani yake walipokuwa wakirudi. "Huyo nkwe wako atasema kaona mawingu."

"Salmini ana ndimi mbili," Mama Faidha akasema. "Nami mmoja naujua."

Kesho yake, alasiri ikikaribia, watu walijaa chini ya jukwaa. Mama Faidha akaingia bafuni na birika la maji yake ya kutawadhia. Alikuwa amejifunika gubigubi, ushungi umeshuka hadi kwenye nyusi. Akaketi juu ya kigoda, akainua uso, akangoja.

Ngazi zikalia. Kofia ikachomoza, likafuata paji la uso, kisha macho mawili.

"Mwenyekiti, unaona nini?" Cuthbert akauliza kutoka chini.

"Naona bonde!" Salmini akapaza sauti. "Naona Ruvuma! Naona mpaka Msumbiji! Bafu mimi sili..."

Mama Faidha akakohoa. Kikohozi kidogo tu, cha mtu mzima anayepitwa bila salamu. Macho yakakutana.

"Shikamoo mama!"

Ilimtoka yenyewe, hata na goti likakunjika, huko huko juu.

"Marahaba, baba," sauti ikajibu kutoka bafuni. "Msumbiji hawajambo?"

Zabibu alikaa vumbini kwa kicheko. Cuthbert akachomoa penseli sikioni, akaukunjua mchoro juu ya goti lake. "Mama," akaita kwa adabu, akiwa ameupa uzio mgongo, "nikiweka ukuta wa mbao upande huu wote, chini hadi juu, itafaa?"

"Itafaa, mwanangu. Na mbao zisiwe na matundu."

Salmini akashuka kinyumenyume, polepole, kama mtu anayeomba ngazi zisiishe. Zabibu alikuwa anamngojea chini, machozi bado yanamtiririka.

"Mwenyekiti, ulisema bafu hulioni. Sasa uliyemwamkia nani? Kichaka?"

Salmini akavaa viatu vyake, akawapasua watu. Alipofika usawa wa ule uzio wa mabua akavua kofia, akainamisha kichwa, safari hii bila sauti. Kisha akaenda zake.